Sista Aliyekwenda Kuwauliza Wazima

Simu ilinifikia Jumatatu asubuhi, nikiwa kwenye benchi la kinyozi hapa Mbinga mjini nikingoja zamu yangu. Aliyepiga alikuwa mwanamke ambaye sijawahi kumwona. Alinisalimia, akataka kuhakikisha kwamba mimi ndiye yule mwalimu aliyewahi kufundisha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na nilipokubali akaniambia bila kuzunguka: "Shangazi yangu alifariki jana. Amekufa kwa saratani ya titi. Aliniagiza kwamba kila nitakayempa habari nimtajie na ugonjwa, nisithubutu kusema aliugua kwa muda mfupi." Shangazi huyo alikuwa nesi wa zahanati katika kijiji nilichofundisha, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Walikuwa wamekwisha kumzika huko kwao Tabora siku ile ile, kama ilivyo desturi ya Waislamu, kwa hiyo hata ningeondoka saa ile ile nisingewahi chochote zaidi ya kaburi. Nilimpa pole, nikanyanyuka, nikarudi nyumbani bila kunyoa ili nimweleze mke wangu. Yeye alikuwa uani anachambua maharage. Aliposikia akalia kama mtu aliyefiwa na mama yake mzazi. Wasomaji wa safu hii mmenizoea nikipiga kelele kuhusu barabara, bei ya kahawa na viongozi wasioonekana mpaka uchaguzi ukaribie. Leo niacheni nimzungumzie mwanamke huyu, kwa sababu hakuna gazeti lililomwandika alipokuwa hai na sidhani kama lipo litakalomwandika sasa.

Serikali ilimleta kwetu akiwa bado kijana, mrefu, mwenye sauti nzito iliyowafanya wagonjwa wanyamaze kabla hajawaambia wanyamaze. Kijiji chenyewe kilikuwa kusini mwa Liuli, ziwa mbele na milima nyuma, watu wake wakiishi kwa muhogo na usipa, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani hadi nguo zote zinukie wao. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na foleni isiyokwisha. Manesi wote tuliwaita Sista, naye akaitwa hivyo hivyo, jina lililompa taabu kila alipopanda kule juu kwetu Umatengo ambako Sista ni mtawa. Nakumbuka siku moja akina mama wa Mbuji walimlaki kwa "Tumsifu Yesu Kristo," mmoja wao akainama kabisa kungoja abarikiwe. Akamwinua kwa mikono miwili, akasema, "Asanteni sana, mama zangu, lakini mimi ni Sista wa sindano. Wa rozari mtamkuta kanisani." Wakacheka wote, na toka siku hiyo wakamweleza mambo ambayo hawakuwa wakimweleza mtu yeyote mwenye koti jeupe. Hiyo ilikuwa tabia yake. Alikuwa mgeni kwa kabila, kwa dini na kwa lugha, na aliuchukua ugeni huo kama ruhusa ya kuuliza maswali ambayo mwenyeji angeona aibu kuyauliza.

Katika kijiji kile palikuwa na familia moja ya mafundi wa mitumbwi iliyokuwa ikiandamwa na ugonjwa wa koo. Ulianza kwa mama wa fundi mkuu, kabla ya mimi kufika. Kisha ukamfuata fundi mwenyewe, nami nikauona kwa macho yangu. Kwanza tonge la ugali lilimkwama, akalisukuma kwa maji. Baadaye ugali ukashindikana, akabaki na uji. Uji nao ukashindikana. Mwishoni hata maji yalirudi, na mtu yule aliyekuwa akibeba gogo la mtumbwi begani akawa anawekewa chakula mbele yake, anakitazama tu, watoto wake wakitazama naye. Walimleta kwa Sista alipokwisha kuwa mwepesi kama mtoto. Akampeleka hospitali ya misheni, na daktari wa huko akamwambia ni kansa ya umio, yaani njia ya chakula, na kwamba imekwisha kuchelewa. Alikufa watu wakiwa wanapanda muhogo. Kabla ya arobaini yake maneno yalikuwa yamekwisha kuenea. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ukoo ule una damu mbovu, na wengi wakaamini kwamba ukila nao au ukichota maji nao utaupata.

Maneno hayo yalikuja kuwa jambo zito siku ya kugawa viwanja. Tulikuwa tunahamia kijiji kipya, nyumba zikipangwa kwa mistari, na mkutano mzima umekaa chini ya jua mbele ya ofisi. Ndugu mmoja akasimama akapendekeza kwamba familia ya marehemu fundi ipewe sehemu ng'ambo ya mto, na wachimbiwe kisima chao. Watu wakaitikia kwa kuguna. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, moyo unanipiga, kwa sababu ambayo watu wachache waliijua: katika nyumba ile palikuwa na binti aliyekuwa akinisaidia kufundisha watu wazima kusoma nyakati za alasiri, na tulikuwa tumekwisha kukubaliana kuoana. Mwenyekiti alikaribia kuafiki. Hapo ndipo Sista aliposimama.

"Ndugu Mwenyekiti, hao mnawapeleka ng'ambo ya mto kwa kosa gani?"

"Si kosa, Sista. Ni tahadhari. Ugonjwa ule uko kwenye damu yao."

"Nani kaiona hiyo damu?"

Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, akajibu taratibu: "Damu hatujaiona. Lakini makaburi tumeyaona."

"Hilo ni kweli. Hata mimi nimeyaona," akasema. "Basi nipeni nafasi niitafute sababu. Inaweza kuwa damu, inaweza kuwa wanavyokula na kuishi, inaweza kuwa vyote pamoja. Nikijua nitawaambieni hapa hapa, hata kama ni jambo ambalo mimi mwenyewe silipendi. Na mpaka siku hiyo, kiwanja changu mimi kipimeni jirani na chao."

Nesi wa serikali alikuwa na haki ya nyumba karibu na zahanati, na kila mtu alijua. Mwenyekiti alimtazama, akawatazama wajumbe wa kamati, kisha akasema kiwanja kipimwe. Kikapimwa, na familia ile ikabaki ndani ya kijiji, kwa sababu haikuwezekana kuipeleka ng'ambo ya mto pamoja na Sista. Akachota maji kisima kimoja nao. Akala kwao wazi wazi, mlango ukiwa umefunguliwa, wapita njia wamwone.

Halafu akaanza kazi aliyoahidi. Hakutumwa na mtu, wala haikuwa sehemu ya kazi aliyolipwa kwayo. Aliifanya jioni baada ya foleni kwisha, na Jumapili wengine tulipokuwa kanisani. Alianza kama ambavyo yeyote kati yetu angeanza, kwa wafiwa. Akauliza marehemu alikula nini, alikunywa nini, jiko lilikuwaje. Akaambiwa kwamba alipenda uji unaotokota, akiunywa amesimama alfajiri kabla ya kwenda msituni kuangusha miti. Kwamba kiko hakikutoka mdomoni. Kwamba gongo lilipikwa nyumba ya pili naye hakulipita. Siku hiyo alikuja shuleni macho yanamng'aa. "Mwalimu, nimeipata," akaniambia. "Ni uji wa moto." Akapanda mashua kwenda Liuli kumweleza yule daktari wa misheni, mzee mpole aliyezeekea huko. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza swali moja: "Na wale wasiougua, wao wanakunywa uji wa namna gani?" Sista akaanza kurudia habari za wafiwa. "Hukuwauliza?" "Sikuwauliza." "Basi rudi kawaulize. Mgonjwa anajua nusu tu ya habari." Aliporudi alinisimulia haya huku akijicheka, lakini kesho yake alikuwa njiani tena, safari hii akiingia katika nyumba za watu wazima wa afya.

Mara nyingi nilimsindikiza, kwa sababu wazee wengi walikuwa huru zaidi katika Kinyasa kuliko Kiswahili, na mimi nilikuwa nimekwisha kukijua. Watu walishangaa. "Sista, mimi siumwi, unanihoji ya nini?" Naye akajibu, "Ndiyo sababu nimekuja kwako." Hakutosheka na maneno. Aliomba kushika bakuli lenyewe, akaingia jikoni kuona moshi unatokea wapi, akauliza mboga zinaliwa miezi gani na miezi gani zinakosekana. Mzee mmoja alimwapia kwamba yeye hunywa uji wa vuguvugu tu, na kabla hajamaliza kuapa mkewe akapaza sauti kutoka jikoni: "Mwongo huyo! Juzi kanirudishia uji nikauchemshe tena, eti umepoa!" Tulicheka wote pamoja na mzee. Lakini nilipotazama nikaona Sista hacheki tena, anawaza. Mzee yule alikuwa mzima kabisa, anakula ugali na mifupa ya samaki. Kwa hiyo uji wa moto peke yake haukutosha kuwa sababu. Baada ya nyumba nyingi aliona kwamba waliougua ni wale ambao mambo yalirundikana kwao: vya moto sana, na tumbaku, na gongo, na moshi, na miezi mingi ya muhogo mtupu bila mboga. Aliyekuwa na moja aliweza kuzeeka salama. Aliyekuwa na yote alikuwa hatarini.

Bado lilibaki lile swali la damu, na hapo ndipo wengi wangeacha. Angeweza kurudi mkutanoni akasema ni tumbaku na gongo, akaisafisha familia ile moja kwa moja, na sote tukafurahi. Badala yake aliomba likizo, akaitumia kuwatafuta ndugu wa ukoo ule waliotawanyika. Tulipanda pamoja hadi Ukata kumtafuta dada wa marehemu fundi, baba mmoja mama mmoja, aliyeolewa huko juu akiwa msichana. Tulimkuta shambani kwenye ngolo, yale mashimo ya kilimo chetu cha milimani, jembe mkononi, mzee kuliko kaka yake alivyowahi kuwa. Sista akamwamkia, akamuuliza kama chakula kinapita vizuri. Bibi akacheka. "Kinapita mno, mwanangu. Tatizo ni kukipata." Alipoulizwa kuhusu tumbaku akasema aliijaribu mara moja akatapika, na anamshukuru Mungu kwa kutapika kule. Lakini yeye ndiye aliyetueleza pia jambo ambalo Sista hakutaka kulisikia. Walikuwa na mdogo wao wa kiume aliyekwenda kufanya kazi mashamba ya mkonge Tanga. Huyo hakuvuta wala hakunywa, alikuwa mlokole. Koo lilimwua akiwa kijana, kabla hata ya kaka yake. Na tulipokuwa tunateremka kurudi ziwani, Sista akakumbuka mwingine tena: mke wa mdogo mwingine wa fundi, mwanamke aliyetoka ukoo mwingine kabisa, aliyekaa na mafundi wale miaka mingi akivuta na kunywa pamoja nao, naye alikufa kwa ugonjwa ule ule. Kijiji kilikuwa hakimhesabu kwa sababu hakuwa wa damu yao.

Mkutano uliofuata aliomba nafasi. Familia ya fundi ilikuwa imekaa mbele, mke wangu mtarajiwa akiwa kando ya mama yake. "Mliniuliza kama ni damu," Sista alisema. "Ndiyo, damu imo." Pakawa na mnong'ono, na nikamwona yule mama akiinamisha kichwa. "Niliahidi nitasema kweli, nami nasema. Katika ukoo huu kuna kitu wanachozaliwa nacho, na kwa baadhi yao kinausogeza ugonjwa karibu. Lakini yuko mmoja wao kule Ukata amezaliwa nacho pengine kama wenzake, ameishi vingine, na analima mpaka leo. Na yuko marehemu mmoja ambaye hakuwa na damu yao hata tone, aliishi kama wao, akafa kama wao. Kwa hiyo msijidanganye mkadhani ninyi mmesalimika kwa kuwa mmezaliwa nyumba nyingine. Hauambukizi. Nimekunywa maji yao na bado nawachoma sindano. Hakuna aliyemroga mtu." Kisha akawaambia la kufanya: uji upoe kwanza, tumbaku iachwe, gongo liachwe, majiko yatobolewe madirisha, mboga zipandwe karibu na visima. Na tonge likikwama leo, mtu aje kesho, asingoje maji yakwame. Wengine walimsikiliza. Wapika gongo walimchukia kwa muda mrefu.

Nimesema nilikuwa nataka kuoa. Baba yangu, mkulima wa kahawa huko Mbuji, alikuwa amekwisha kupata habari za ukoo ule, na akaniambia kwa kifupi kwamba sitamletea kaburi nyumbani. Nilipomweleza Sista akasema atakwenda mwenyewe kuzungumza naye. Nilifurahi, nikijua neno lake litamaliza ubishi. Tulifika, tukakaribishwa, tukala. Kisha baba akageuza kigoda chake kumwelekea mgeni.

"Sista, nasikia wewe ndiye unayeujua ugonjwa wa watu wa ziwani."

"Naujua kidogo, Mzee."

"Huyu binti anao?"

"Hana."

"Ataupata?"

Hapo nilimkazia macho, nikimwomba kimoyomoyo aseme hapana. Akasema, "Sijui, Mzee."

"Na wajukuu zangu?"

"Hao nao sijui. Hatari yao inaweza kuwa kubwa kidogo kuliko ya wengine. Nikisema haipo nitakuwa nakudanganya nyumbani kwako, na nimekwisha kula chakula chako."

Baba akashindilia tumbaku kwenye kiko chake. Sista akangoja, kisha naye akauliza: "Samahani, Mzee. Baba yako alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Alianguka shambani. Upande mmoja wa mwili ukafa, na siku ya pili akatutoka."

"Na baba zako wadogo?"

"Mmoja vivyo hivyo."

"Ulipokwenda kumposa mama yake mwalimu, wakwe zako walikuuliza hayo?"

Baba alicheka mpaka akakiweka kiko chini. "Wangeuliza, wasingenipa mke!"

"Basi na huyu binti ana haki ya kukuuliza wewe," alisema Sista, bila kucheka.

Njiani nilimlalamikia. Nilimwambia neno moja tu la hapana lingetosha. Hakunikasirikia. "Mwalimu, siku mtoto wako mmoja akiugua, baba yako ataukumbuka uongo wangu," akasema. "Na akishaukumbuka, hataamini tena hata yale ya kweli niliyomwambia kuhusu tumbaku." Baba alitafakari msimu mzima wa kahawa, kisha akatuma ujumbe kwamba posa iendelee. Tumbaku hakuiacha. Alikuja kuanguka shambani kama baba yake, na mimi leo nameza vidonge vya shinikizo la damu kila asubuhi, kabla ya chai. Mke wangu, aliyekuwa akiogopwa kwa damu yake, mpaka ninapoandika haya anakula kila kitu.

Lakini siwezi kumaliza bila kumtaja kaka yake. Huyu alirithi shoka na kazi ya baba yao, na kwa mahubiri ya Sista aliacha tumbaku, gongo akaliacha nusu nusu. Miaka michache baada ya harusi yetu tonge likaanza kumkwama. Akaficha. Mkewe ndiye aliyekwenda zahanati kusema, na Sista akamfuata kule kule alikokuwa anachonga mtumbwi.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Ni mfupa wa samaki, Sista."

"Mfupa gani unakaa kooni mwezi mzima?"

Shemeji yangu akaweka shoka chini. "Baba alikwenda hospitali akarudi kufa. Sasa mimi niende kufanya nini?"

"Baba yako alikwenda maji yakiwa hayapiti. Wewe bado unakula. Wewe ni wa kwanza niliyemkamata mapema, na sikuachii."

Lori la ushirika lilikuwa kijijini likipakia muhogo, na dereva alikuwa na amri ya kutobeba abiria. Sista akamwomba, akakataa. Akamwomba tena kwa adabu, akakataa. Dereva alipokwenda kunywa chai, Sista alipanda akakaa kwenye kiti chake, mikono kwenye usukani, akamwambia shemeji yangu apande nyuma juu ya magunia. Dereva aliporudi alishika kichwa. "Sista, utanifukuzisha kazi!" "Waambie umetekwa," akamjibu. "Waambie nesi wa Tabora kakuteka, jina langu wanalo." Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika kinacheka, na mwenyekiti yule yule wa viwanja akaja akamwambia dereva, "Ndugu, ondoka nao. Nikiulizwa nitajibu mimi." Wakaupanda mlima hadi Mbinga, kisha Songea, na mwisho hospitali kubwa ya Dar es Salaam, Sista akiwa naye mpaka alipompata daktari wa upasuaji wa kumsikiliza. Shemeji alirudi baada ya miezi mingi amekonda, na kovu limezunguka ubavu mzima. Alikula kidogo kidogo maisha yake yote. Lakini alikula. Alichonga mitumbwi, akaozesha mabinti, akafa mzee kwa malaria. Si wote walioondoka hivyo walirudi hivyo, nami nimeshiriki kuwazika waliochelewa na hata wawili watatu waliowahi. Sista alilia kwa kila mmoja, na kesho yake akafungua zahanati.

Aliandika taarifa ya yote aliyoyaona akaipeleka wilayani, na sikuwahi kusikia kwamba ilijibiwa. Baadaye akahamishiwa Singida. Siku ya kumuaga nilimuuliza kama haoni uchungu kuiacha kazi yake katikati. Akanijibu kwamba hata Singida watu wana makoo. Siku hizi nasoma kwamba wataalamu wana mashine za kuchunguza tulichorithi hadi chembe ndogo kabisa, na madaktari wanatuambia kwamba saratani nyingi hutokana na mchanganyiko wa tulivyozaliwa, tunavyoishi na mengine ambayo bado hayajulikani. Ni habari njema, na mashine hizo zije mpaka Mbinga. Lakini kazi ile ilihitaji pia mtu wa kusema "damu imo" mbele ya watu waliotaka kusikia haimo, akabaki jirani nao baada ya kusema. Tulikuwa tunaimba sana usawa na undugu miaka ile, na nyimbo zilikuwa nzuri. Nilichokiona siku ya viwanja ni kwamba undugu ulihitaji mtu aliye tayari kuhama nyumba.

Somo ninalolichukua kwake ni la kutenda. Waulizeni wazee wenu, wangali hai, babu na bibi walikufa kwa nini, upande wa baba na upande wa mama. Mkienda hospitali, yasemeni hayo. Ukiambiwa ukoo wako una ugonjwa fulani, usiukimbie ukoo na usikae kungoja. Acha tumbaku leo, punguza pombe, kula mboga, na kitu kikikwama au kikivimba nenda kikiwa bado kidogo. Na mwenzako akitajwa kwa ugonjwa wa kwao, sogea karibu.

Jumapili iliyopita mke wangu aliwaita watoto na wajukuu wote sebuleni. Akawaeleza habari za ugonjwa wa koo wa baba yake, bibi yake na kaka yake, na kile kitu ambacho Sista alisema wanazaliwa nacho, kisha akanigeukia nami nikaeleza za kuanguka shambani. Hatukuacha kitu. Tulipomaliza, mjukuu wetu wa kike anayejiandaa kwenda chuo akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo, Bibi, hata mimi nimekibeba?"

"Huenda umekibeba," mke wangu akamjibu. "Ndiyo maana nakwambia sasa, ungali mzima."